Binti Asiye na Makuu

Busia, 11 Februari 2024

Kwa mama mkwe wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hatujambo. Acom kikohozi kimemwisha, na Emma ameng'oa jino la mbele, sasa akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Natumaini goti lako limepoa na kwamba huko Mulanda mmepata mvua, maana hapa mpakani ni vumbi tupu.

Nakuandikia kwa sababu sina njia nyingine. Kuja kukaa mbele yako siwezi. Sisi Wateso na nyinyi Jopadhola tunabishana mengi, lakini kwa hili tuko pamoja: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Simu nimeishika mara mbili nikaiweka chini. Sauti yako kuingia moja kwa moja ndani ya sikio langu, naona ni karibu zaidi hata ya kukaa meza moja. Basi nimechukua kalamu, na kwa kuwa lugha yenu siijui na yangu huijui, Kiswahili chetu hiki cha mpakani kitatusaidia.

Mama, jambo lenyewe ni Joan. Unakumbuka siku ya utambulisho, miaka kumi iliyopita. Wewe ulikuwa nyuma ya pazia, lakini msemaji wenu alisimama akatangaza: "Mama wa binti anawaambia hivi, mwanangu hana makuu." Wazee wetu walipiga makofi. Baba yangu aliyarudia maneno hayo njia nzima mpaka nyumbani. Na kweli, kwa miaka kumi nimekaa na mwanamke asiye na makuu. Yeye anauza chai na maharagwe kwa madereva wa malori pale kwenye foleni, mimi natengeneza zile baiskeli za magurudumu matatu ambazo walemavu wanavushia mizigo mpakani. Jioni tunakutana, tunakula na watoto, tunacheka.

Sasa makuu yamemjia. Anataka kuwa dereva wa lori. Siyo pikapu, mama. Lori lile refu la kuvuta trela.

Foleni ya hapa unaijua, gari linaweza kusimama siku mbili. Dereva akienda kuoga au akisinzia, na foleni ikasogea hatua kumi, nani atasogeza gari? Mzee mmoja anaitwa Ochen, dereva wa saruji kutoka Tororo, alimfundisha Joan kusogeza. Kumbe huu ni mwaka wa pili mke wangu anaacha sufuria jikoni, anapanda lori la watu, anasogeza hatua kumi, anashuka, anaendelea kukoroga maharagwe. Mimi nimekuja kuambiwa na wateja wangu! Na sasa Ochen amemwambia kuna uwanja wa mafunzo Tororo, miezi mitatu, na akifaulu atamchukua awe dereva wake wa pili. Juzi aliniambia wakati wa kula, kama mtu anayeomba chumvi: "Okwi, mimi nataka kwenda Tororo, najifunza lori."

Watu watasemaje? Naomba umwite umkumbushe ulivyomlea. Wewe ndiye uliyesema hana makuu. Sisemi kwamba namrudisha, hapana. Nasema tu kwamba nilichoambiwa sicho ninachokiona.

Mkwe wako mtiifu,
Okwi


Mulanda, 22 Februari 2024

Kwa mkwe wangu Okwi,

Nakusalimu wewe na wajukuu wangu. Barua yako nilipewa na Barbara, yule mchuuzi wa mayai, Alhamisi iliyopita. Ilikuwa imelaliwa na trei sita za mayai na inanuka kuku, lakini imesomeka. Mimi sijambo, goti ni lile lile, mvua bado, na mbuzi amezaa mapacha. Mwambie Emma asizibe mdomo, bibi yake ana mapengo matatu na anacheka mchana kweupe.

Nimefurahi kwamba umeandika. Kiswahili nilifundishwa na marehemu mume wangu Olweny tulipokaa kwenye nyumba za reli pale Tororo, na tangu afe sina wa kumwandikia. Lakini pia nimecheka, mkwe wangu. Umeandika kama mtu aliyenunua redio sokoni, sasa imeanza kushika stesheni ambayo hakuambiwa kwamba ipo.

Nimechelewa wiki nzima kukujibu kwa sababu nilikuwa nalisikiliza lile neno. Wewe umelirudia mno, nikasema ngoja nione huku kwetu linakaa midomoni mwa nani. Jumapili baada ya misa wanawake walisema Alungat, jirani yangu mjane, ana makuu. Amefanya nini? Ameezeka jiko lake kwa bati. Siyo nyumba, jiko. Pale kwenye bomba la maji walisema hivyo hivyo juu ya msichana mmoja anayetaka kusomea udaktari. Jumanne tulikuwa na maziko, tunamzika mama wa watoto tisa, na mzee mmoja akasimama akamsifu kwamba siku zote za maisha yake hakuwa na makuu. Sote tukaitikia kwa vichwa. Mimi pia niliitikia. Halafu nikajiuliza, marehemu mwenyewe angepewa nafasi ya kusema angesema nini?

Sasa yupo Osborn, ambaye anataka udiwani. Amebandika picha yake kwenye kila mti, mpaka kwenye mfenesi wangu bila kuniomba. Nikasubiri nisikie. Hakuna aliyesema Osborn ana makuu. Walisema ana maono.

Haya, wewe fundi unijibu. Ochen akiendesha lori, ni kazi yake. Joan akitaka kuliendesha, ni makuu. Lori ni lile lile. Sikugombezi, nauliza kwa sababu neno nililitoa mimi, nikiwa nyuma ya lile pazia, na tangu barua yako ije nimekuwa sina raha nalo.

Kumwita Joan, sitamwita. Ni mke wako, ongea naye. Lakini muulize kitu kimoja: akipanda lile lori kwa zile hatua kumi, anajisikiaje?

Mama mkwe wako,
Aboth


Busia, 3 Machi 2024

Mama mkwe mpendwa,

Salamu. Watoto wazima. Mvua imenyesha mara moja.

Nilimuuliza ulivyosema. Akanijibu: "Nasikia ni mimi nakwenda. Siku zote ni watu wanakwenda, mimi nabaki na sufuria." Jibu hilo halikunipendeza hata kidogo. Nilimwambia kwamba mimi pia nabaki, niko pale pale na nyundo yangu, na sijawahi kulalamika. Akasema, "Ndiyo, Okwi. Hujawahi."

Hapo nikakasirika, na neno likanitoka. Nilisema: kama unakwenda Tororo, utakwenda kutoka kwa mama yako, siyo kutoka kwangu. Nilidhani atabaki. Amefunga begi lake na amelikalia, anamngoja Barbara.

Watoto wana shule, kwa hiyo watakaa nami, na dada yangu Agwang atakuja kunisaidia. Sijamfukuza mke wangu. Lakini mila unaijua. Mke akirudi kwao, mume anamfuata na wazee wake, anakaa mbele ya wakwe na kueleza. Mimi sijui nitaeleza nini, na kwa sasa sijui kama nitakuja.

Mkwe wako,
Okwi


Mulanda, 21 Machi 2024

Kwa mkwe wangu,

Salamu kwako, kwa Agwang, na kwa watoto. Joan alifika salama. Analala kitanda chake cha usichana na miguu inatokeza nje. Alikuja na sufuria moja, nikamuuliza ya nini, akasema mkono umezoea.

Nakupa habari ingawa hukuniomba. Kila asubuhi anakwenda uwanjani Tororo na jioni anarudi na mafuta kwenye kucha. Wiki ya kwanza walimu walimsifu sana, anajua breki, anajua klachi, hatetemeki. Wiki ya pili wakamwambia arudi nyuma. Mkwe wangu, mwanangu hajui kurudi nyuma! Miaka miwili kwenye foleni, na foleni hairudi nyuma hata siku moja. Amejua gia moja tu, na ni ya kwenda mbele. Wamempangia mapipa manne apite katikati kinyumenyume na trela yake, na yote manne ameyaangusha. La nne alilifuata kabisa, lilikuwa limekaa pembeni. Anasema akigeuza usukani huku, trela inakwenda kule, na kichwa chake kinakataa. Jana alilia kidogo, akaosha uso, akasonga ugali.

Hajakusema vibaya. Hilo nakuapia. Anauliza kila Alhamisi kama kuna barua, nasema ngoja, na Barbara anaangalia pembeni.

Mlango uko wazi, na mbuzi wale mapacha wanakua.

Mama mkwe wako,
Aboth


Mulanda, 9 Mei 2024

Kwa mkwe wangu Okwi,

Hujambo? Nasema hujambo kwa mazoea, maana wiki tisa sijui kama hujambo au la. Barbara anasema kila akipita kwenye kibanda chako unainama kutafuta spana. Hiyo spana imepotea sana.

Huku tu wazima. Mvua imekuja vizuri, maharagwe yanapanda. Joan mtihani wa kwanza ameanguka, kwa sababu ya mapipa yale yale. Wamempa nafasi nyingine moja, tarehe kumi na tatu Juni, na wamemwambia akianguka tena ndiyo basi, nafasi yake kwa Ochen itachukuliwa na mtu mwingine. Jioni anakaa nje, anachora njia chini kwa kijiti na kuzifuta kwa mguu.

Kuna jambo jingine, dogo tu. Jumamosi iliyopita mtu amelalia mihogo yangu nyuma ya ghala. Mashina sita yamevunjika, na mahali penyewe pamelala urefu wa mtu mzima. Ng'ombe siyo, ng'ombe angekula. Mwizi siyo, mwizi angechimba. Na papo hapo nimeokota ufunguo wa kukazia spoki. Hapa Mulanda nimeuliza, hakuna mwenye ufunguo wa namna hiyo. Nimeufunga pamoja na barua hii. Kama unamjua mwenyewe, nisaidie umrudishie.

Mama mkwe wako,
Aboth


Busia, 12 Mei 2024

Mama mkwe mpendwa,

Nakusalimu nikiwa nimeinamisha kichwa. Ufunguo umefika kwa mwenyewe. Aliutafuta wiki nzima.

Mama, ni mimi. Nilikuja Jumamosi ile bila wazee, bila mbuzi, nikijua kabisa kwamba haifai. Nilisema nitasimama mbali nimuone Joan tu, nione kama amekonda. Nikapita nyuma ya ghala, na mara nakuona wewe unakuja kwa njia ile ile, beseni kichwani, pamoja na mama mmoja. Mbele ni wewe, nyuma ni ukuta wa ghala. Ningefanyaje? Tungegongana uso kwa uso. Nikajitupa kwenye mihogo.

Nilidhani mtapita. Mkasimama. Mkatua mabeseni na kuanza mazungumzo, na mimi nimelala juu ya njia ya siafu. Yule mama, naamini ndiye Alungat, alikuuliza: "Na ule bwana yake, atakuja kweli?" Na wewe ukamjibu, nakumbuka kila neno: "Okwi? Okwi hana makuu. Ukimuacha hapa, utamkuta hapa." Alungat akasema una bahati.

Najua ulinisifu. Ndivyo tunavyosifu watu, na mimi mwenyewe sifa hiyo nilikuwa najivunia. Lakini nikiwa pale chini, siafu wamefika kwenye goti na siwezi hata kujikuna, nilisikia kama fundi amenipima urefu na anakwenda kuchonga sanduku. Nilitamani kusimama niseme, mama, mimi pia kuna kitu nakitaka! Kisha nikajiuliza ni kitu gani, na nikakumbuka, na hapo ndipo niliumia.

Miaka mitatu iliyopita nilichora baiskeli ya magurudumu matatu yenye gia. Hizi tunazotengeneza hazina gia. Mtu akipanda kile kilima cha forodha na gunia la mchele, mabega yanakwisha. Nilichora nyuma ya daftari la hesabu la Acom, kwa kutumia gia za pikipiki kuukuu. Sikumwonyesha mtu, nikiogopa wataniambia najitakia makuu. Joan ndiye aliyeliona daftari. Hakucheka. Hakusema watu watasemaje. Alisema neno moja tu: "Lini?"

Na yeye alipokuja kwangu na lori lake, mimi nikamwambia afunge begi. Nimeona aibu, mama. Nimeona aibu kuliko siku zote za maisha yangu.

Chini ya trei ya mwisho kuna kifurushi. Ni lori dogo, nimelitengeneza kwa bati na spoki, na trela yake imeungwa kwa pini inazunguka kama ile ya kweli. Mwambie Joan aliweke mezani alisukume kinyumenyume kwa kidole. Akitaka mkia uende kulia, kichwa lazima kianze kwenda kushoto, kisha aufuate mkia polepole. Atazame mkia, asitazame kichwa. Apange vikombe vinne awe anapita katikati.

Nakuomba usimwambie habari ya mihogo.

Mkwe wako,
Okwi


Mulanda, 23 Mei 2024

Kwa mkwe wangu mpendwa,

Amani kwako na kwa nyumba yako.

Nimemwambia. Nisamehe, sikuweza kujizuia, nilianza kucheka peke yangu na ikabidi nieleze. Joan alicheka mpaka akakaa chini, halafu akawa analia huku anacheka, akaniuliza, "Siafu iliuma yeye sana?" Nikamwambia sana. Akasema, "Nzuri." Lakini lile lori dogo hajaliacha. Vikombe vyangu viwili vimevunjika, cha tatu na cha nne nimeviondoa nikaweka viazi. Juzi alipita katikati ya viazi mara tisa bila kugusa hata kimoja. Analala nalo chini ya mto, mkwe wangu, mwanamke wa miaka thelathini na tatu.

Sasa na mimi nina la kuungama, kwa kuwa wewe umeungama. Nisome polepole.

Mwaka wa tisini na tatu tulikuwa tumeshahama Tororo tukarudi huku, na Joan nilikuwa namfunga mgongoni. Padri wa wakati ule aliona najua kusoma vizuri, akaniuliza kama ningependa kujifunza ukatekista, niwe mwalimu wa dini. Mafunzo yalikuwa mwaka mmoja. Okwi, nilikitaka kitu kile mpaka nikawa sipati usingizi. Nilikuwa naenda shambani nahubiria mtama. Padri alinipa kitabu nikakifunika kwa karatasi ya sukari kisichafuke. Habari zikafika kwa shemeji zangu, na kwenye bomba wakaanza: mke wa Olweny ana makuu, anataka kusimama mbele ya wanaume. Mume wangu hakunikataza. Aliacha tu kunitazama wakati wa kula. Miezi miwili baadaye nilirudisha kitabu. Nikasema mtoto anasumbua.

Tangu siku hiyo nikawa mtu mwema. Aboth hana makuu. Kwenye harusi wanasema, kwenye matanga wanasema. Nimesifiwa hivyo miaka thelathini, na kila nikisifiwa nakikumbuka kile kitabu na karatasi yake. Sasa niambie, siku ya kumtoa binti yangu, kwa nini nilimfungia neno lile lile kwenye mzigo wake? Nadhani nilitaka apendwe kwenu. Nilijua ni neno linalomfanya mwanamke apendwe. Sikufikiria atalibeba kiasi gani.

Wewe pia nilikupa, pale kwenye mihogo, na sikujua kwamba unasikia. Nisamehe kwa hilo.

Njoo na wazee wako, Okwi. Tumeweka Jumamosi tarehe ishirini na mbili Juni. Siku hiyo lile neno nililolitoa mbele za watu, nitalichukua tena mbele za watu.

Mama mkwe wako,
Aboth


Busia, 30 Juni 2024

Mama mkwe mpendwa,

Salamu nyingi sana. Leo watoto wako hapa mezani na kila mmoja anataka niandike jina lake kwanza, kwa hiyo Emma anakusalimu na Acom anakusalimu.

Joan yuko nyumbani. Nasema hivyo kwa furaha tu, najua unajua. Leseni yake ameiweka kwenye kabati la vyombo, imesimamishwa mbele ya vikombe. Mara ya pili mapipa yote manne yalibaki yamesimama. Anasema mwalimu alimuuliza nani amemfundisha, akamjibu, "Viazi."

Kwa kuwa ulikuwa nyuma ya pazia, hukuona nyuso za upande wetu, basi nikueleze. Baba yangu mdogo Edeku alikuwa amejiandaa kujibu maswali yote. Alidhani nitaulizwa kama nilimpiga, kama nilimnyima chakula. Msemaji wenu aliposimama akasema, "Mama anasema kuna neno alitoa siku ile ya kwanza, ya kwamba mtoto hana makuu. Anaomba hiyo neno yake arudishiwe," wazee wangu walitazamana. Edeku akaninong'oneza, "Hiyo neno tuliweka wapi?" Halafu akasimama na kuuliza kwa heshima zote: "Mama, sisi tunakubali. Lakini narudisha na mbuzi, ama bila mbuzi?"

Nilisikia pazia likicheka. Mila haisemi kitu juu ya kusikia.

Msemaji akasema bila mbuzi. Edeku akauliza tena, "Sasa kama neno mnachukua, sisi tutasema huyu mtoto ni wa namna gani?" Kisha msemaji akasogea kwenye pazia, akarudi, akasema, "Mama anasema, mseme ni mtoto anataka." Edeku alingoja uongeze. Hukuongeza. Akasema, "Basi, ni hivyo. Anataka." Wazee wakapiga makofi, nadhani kwa sababu walikuwa na njaa, lakini walipiga.

Mimi nilikuwa natazama mikono yangu, na machozi yalikuwa yanadondoka juu yake, na sikuona haya.

Mahali ambapo Joan alikuwa anapikia foleni sasa anapika Agwang. Nami gia za pikipiki nimezipata mbili. Joan ameniuliza tena lini, nikamwambia kabla ya Krismasi, akaandika tarehe ukutani kwa chaki.

Mkwe wako,
Okwi


Mulanda, 26 Septemba 2024

Kwa mkwe wangu Okwi,

Nakusalimu kwa moyo mweupe. Natumaini saruji imekutoka masikioni.

Sikupata nafasi ya kukushukuru Jumamosi ile, na ningekushukuruje? Nilikuwa nimesimama barabarani na fimbo yangu, naona lori refu linakuja, linapunguza mwendo, na kwenye usukani yuko mwanangu na kitambaa cha njano. Anasema, "Mama, panda, napeleka saruji Iyolwa kwa jengo la parokia." Kabla sijajibu nikasikia mlango wa upande wa pili, na mtu akaruka chini kwa haraka. Nilitazama majani. Nikasikia anapanda nyuma, juu ya mifuko. Basi mimi nikakaa kwenye kiti cha mbele kama malkia, na kiti kilikuwa bado na joto.

Okwi, tulipita Mwello nikaiona kutoka juu. Niliona mapaa ya watu. Joan aliendesha na kuimba, na pale kwenye daraja bovu alirudi nyuma kumpisha mzee wa ng'ombe, kinyumenyume kabisa, na trela ikafuata kama mbuzi wa kufugwa. Tulipofika Iyolwa mtu alishuka kutoka kwenye mifuko akiwa mweupe kuanzia nywele mpaka viatu. Mimi sikumtazama. Kile kioo cha pembeni ndicho kilichotazama, na kioo hakina wakwe. Alungat alikuwa pale, akaniuliza, "Huyo ni nani?" Nikamwambia ni mkwe wangu, yule wa baiskeli yenye gia. Sikusema zaidi ya hapo.

Barbara ameniambia kwamba baiskeli ya kwanza imepanda kilima cha forodha na magunia mawili, na kwamba watu wamekuja kukuita fundi mwenye makuu. Anasema ulijibu, "Ndiyo." Ningependa ningekuwepo.

Sasa habari yangu, ndiyo niliyoichelewesha mpaka chini ya karatasi. Mwezi wa saba nilikwenda kwa padri wetu huyu mpya, kijana kabisa, nikamwambia kwamba mwaka wa tisini na tatu nilirudisha kitabu na sasa nakihitaji. Alinitazama goti. Nikamwambia goti halisomi. Amenipa. Nimeanza mafunzo, tuko kumi na wawili, na nimemzidi umri aliye karibu nami kwa miaka ishirini. Kwenye bomba wameshaanza kusema. Nasimama, najaza mtungi wangu, nawasikiliza, na inanipendeza kuliko nilivyodhani.

Jumapili tarehe sita Oktoba nitasoma somo la kwanza. Nakuomba uje na Joan na watoto. Kanisani kwetu hakuna pazia, lakini nimeshafikiria: wewe utakaa benchi la mwisho, mimi nitakuwa mbele, na macho yangu yatakuwa kwenye kitabu muda wote. Wewe ukitaka, inua kichwa unitazame. Siku hiyo moja nakuruhusu.

Mimi mama mkwe wako, mwenye makuu,
Aboth